Programu ya Mama Haizimwi

14 Mei

Mawaridi yameanza kufunguka upande wa chini wa bonde. Bwana Ognyan, meneja wetu mpya, amekuja kutoka mji mkuu, Sofia, na viatu vyeupe, akatukusanya uani mwa kiwanda, akatangaza kwamba mwaka huu ndio mwisho wa "vitu vya makumbusho". Alikuwa anaisema programu inayoendesha matangi yetu ya kukenekea mafuta, yanayoyatoa kwenye maua kwa mvuke. Kampuni iliyonunua kiwanda inataka mfumo mpya utakaoendeshwa kutoka ofisini kwao. Fundi wa matangi hatahitajika, mimi sitahitajika, na wa kuamua tangi lipate mvuke kiasi gani atakuwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka ambaye hajawahi kulowa umande wa asubuhi.

Nikasema, "Lakini hii iliyopo inafanya kazi."

"Nani kaiandika?"

"Mama yangu."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia aniachie msimu huu mmoja: nitaandika programu mpya itakayokaa juu ya ile ya zamani, ipokee mizigo ya maua, iiamshe ile ya mama, iipe kazi na kuisimamia, na yeye aone kila kitu akiwa Sofia kama roho yake inavyotaka. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia paka aliyepanda mezani.

"Haya, dada Zornitsa. Ila matangi yakisimama kwa sababu ya huo uganga wenu, naweka mfumo wangu na sitaki kusikia kilio."

"Hutasikia."

Mzee Delcho, fundi wa matangi, ambaye sote humwita Bai kwa heshima, alinikanyaga mguu ninyamaze, lakini nilikuwa nimeshasema.

15 Mei

Mama anasema mimi ni mjinga. Hayo ndiyo ya leo.

16 Mei

Niliandike hili mara moja nisije nikalirudia. Mama aliandika ile programu kiwanda kilipokuwa cha ushirika. Misimu kadhaa alikaa na Bai Delcho mbele ya matangi, yeye akiuliza na Delcho akijibu kwa kunusa mvuke. Baadaye akaihamishia kwenye mashine za kisasa zaidi, na mwaka uliofuata wakamfukuza. Walimwambia achukue vitu vyake aende zake. Akachukua vitu vyake, pamoja na maandishi yote ya programu, kila diski. Diski zikakaa chini ya nyumba yetu katikati ya mitungi ya pilipili za siki mpaka ukungu ukazimaliza.

Kwa hiyo kiwandani imebaki programu yenyewe tu, imejifunga kama yai. Hakuna wa kuifungua wala kuirekebisha. Unaweza kuiamsha, kuipa maneno ya kuanzia, kusikiliza inachosema, na ikibidi kuiua. Basi.

Nimemuuliza mama hajuti?

"Nijute nini? Walisema vitu vyangu. Vilikuwa vyangu."

17 Mei

Mvuno umeanza. Kazi yangu imekubali mara ya kwanza! Shangazi Fatme, mmoja wa wenye mashamba wanaotuletea maua, alileta magunia yake kabla jua halijapanda, tukayapima, programu yangu ikaiamsha ya mama, ikaiambia: tangi la kwanza, maua kiasi hiki, maji kiasi hiki. Ya mama ikafungua koki za mvuke yenyewe, ikapandisha joto polepole, ikashusha, na ilipomaliza ikatoa jibu. Programu yangu ikalipokea na kulituma Sofia. Bwana Ognyan hakusema kitu. Kwake hiyo ni sifa.

Katika kazi yetu programu inayoamsha nyingine inaitwa mzazi, na inayoamshwa inaitwa mtoto. Kwa hiyo ndani ya kompyuta ya kiwanda mimi ndiye mzazi wa mama yangu. Nilimweleza tukila.

"Vizuri," akasema, akanisukumia sahani yake. "Basi mzazi, nipakulie."

18 Mei

Jua. Maua mengi. Mikono ya wavunaji yote imechanika kwa miiba.

19 Mei

Nimepata fedheha ndogo. Nilitaka kubadilisha jambo katika programu yangu, nikaizima katikati ya kazi, nikidhani na ya mama itazimika pamoja nayo. Wapi! Ukimuua mzazi, mtoto hafi. Mfumo wa kompyuta wenyewe unamchukua kama yatima na kumlea mpaka amalize alichotumwa. Nimekaa nimejiegemeza nikinywa kahawa, Bai Delcho akaja na fimbo yake ya kukorogea.

"Zorni, umesema umezima."

"Nimezima."

"Mbona tangi la pili linapika?"

Nikakimbilia kompyuta. Mtoto alikuwa anaendelea na kazi zake wala hana habari kwamba hana mzazi. Jambo hilo nililijua tangu chuoni, ila kulijua na kuunguzwa nalo ni mbali mbali. Bai Delcho amecheka mpaka akakaa chini.

"Ni Rayna mtupu huyo," akasema. "Hata yeye ukimfukuza haondoki." Rayna ndiye mama.

20 Mei

Bai Delcho ananisumbua. Anasema zamani programu ilikuwa inaongea, kwa nini sasa imekuwa bubu? Nikamwambia inaongea na programu yangu, haina haja ya kuongea na yeye. Majira ya baridi kampuni iliiondoa ile skrini ya zamani ukumbini, ati inachafua ukuta, na mzee bado anaililia. Watu wa umri wake wanapenda kulalamikia kila kilichobadilika.

22 Mei

Mvua tangu alfajiri. Ni lazima niandike yote nikiwa bado na hasira.

Maua yalikuja yamelowa chepechepe. Tangi la kwanza likaanza vizuri, la pili vizuri. Halafu yote mawili yakakwama. Hayakuzimika, yalikwama: programu ya mama iko hai, programu yangu iko hai, na hakuna kinachotokea. Nilikuwa kama mtu anayewatazama watu wawili mlangoni, kila mmoja anamngoja mwenzake apite. Mvuke ulibaki ulipokuwa, joto likapanda, na Bai Delcho akafunga koki kwa mikono yake, akaungua kidole gumba. Nikaua zote mbili, nikaanza upya. Zikaenda kidogo, zikakwama tena.

Nje magunia yalikuwa yanazidi kurundikana. Waridi lililovunwa halingoji mtu. Linaanza kupata joto ndani ya gunia, linachacha, na mafuta yanapotea hewani. Shangazi Fatme alitia mkono kwenye gunia lake akautoa haraka.

"Yanapumua, mwanangu. Utayapokea au niyarudishe niwape mbuzi?"

"Nayapokea, shangazi."

"Lini?"

Nikakimbia kurudi kwenye kompyuta. Mvua ilipokata, mambo yakaenda yenyewe, lakini magunia yake yote na ya majirani zake yalishaharibika. Aliyamwaga kando ya barabara bila kunitukana. Afadhali angenitukana.

Bwana Ognyan kapiga simu: "Hiyo moja."

23 Mei

Jua. Hakuna lililokwama. Nimetafuta kosa siku nzima sikuliona.

24 Mei

Sikukuu ya herufi, siku ya kuadhimisha alfabeti yetu. Watoto wa shule wamepita barabarani na mataji ya maua wakiimba, sisi tukikeneka. Jua. Hakuna lililokwama.

25 Mei

Bwana Ognyan ametuma fundi wake wa kuangalia nyaya. Anasema ni unyevu umeingia kwenye nyaya, mitambo ya zamani iko hivyo. Nyaya ni kavu kabisa! Nimempitisha moja baada ya moja, nikamshikisha na mkono wake. Akaandika "unyevu" vilevile. Nilitamani kumwagia ndoo ya maji ili aone unyevu ulivyo.

26 Mei

Mvua. Matangi yamekwama tena. Tumepoteza mizigo ya nusu ya siku. Bai Delcho aliendesha tangi moja kwa mkono tangu mwanzo mpaka mwisho, amesimama saa zote kwenye mvuke na umri ule, akakataa kukaa. Nilimletea kiti akakipiga teke.

"Kiti cha nini? Mimi niko kwenye kesi hii kama wewe."

Tangu nikue nimekuwa nikimwona mzee huyu kama sehemu ya jengo. Leo nimemwona.

Bwana Ognyan: "Hizo mbili. Mfumo wangu uko tayari. Ikija ya tatu sitakupigia simu, nitazima tu."

Nikamjibu kwamba ya tatu haiji. Sijui nilipata wapi mdomo wa kusema hivyo.

27 Mei

Nimemwambia mama. Nilidhani atafurahi kunisaidia. Akaendelea kumenya vitunguu.

"Itupe."

"Mama, ni kazi yako."

"Ilikuwa kazi yangu. Wakaniambia mlango ule pale. Wewe unaihangaikia ya nini? Wape mfumo wao, uje tulime pilipili."

"Siwapi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni nzuri kuliko yao, na wanajua, ndiyo maana hawataki hata kuiangalia."

Akasema vitunguu vinamuumiza macho.

28 Mei

Jua. Sina la kuandika. Naiogopa mvua kama mwizi anavyoogopa mbwa.

29 Mei

Nimelipata! Na nimelipata mezani, si kwenye kompyuta.

Mama alipika supu ya maharage yenye nanaa. Nilikaa nikichora kwenye karatasi namna programu zangu zinavyozungumza: mzazi anamwamsha mtoto, anatega mabomba mawili ya maneno kati yao, moja la majibu na moja la malalamiko, kisha anasubiri mtoto amalize, ndipo asome yaliyomo. Mama amesimama na upawa, anaongea. Paa linavuja, jirani kakata tawi la mcheri wetu, posta hawajaleta gazeti. Mimi naitikia "mhm" bila kusikia. Naingoja supu, nikisema moyoni akimaliza kuongea atapakua, nami nitamsikiliza tukila.

Supu haiji. Nikainua macho. Amesimama, upawa hewani, amenyamaza.

"Mama, supu."

"Sipakui mpaka unisikilize."

"Nilikuwa nangoja umalize."

"Nami nangoja unisikilize ndiyo nimalize! Tutakaa hivi mpaka maharage yaote?"

Nilisimama, kiti kikaanguka. Bomba la maneno lina ujazo wake. Likijaa, anayeandika husimama, hawezi kuendelea mpaka mtu wa upande wa pili asome na kulipunguza. Siku ya jua programu ya mama haina la kulalamikia, inasema maneno machache, bomba halijai, inamaliza salama. Siku ya mvua maua yamelowa, na mtoto analalamika kwa kila kipimo, analalamika, analalamika, bomba linajaa pomoni, anasimama katikati ya sentensi kungoja mtu asome. Na mzazi, yaani mimi, nimekaa pale nangoja amalize ndipo nisome! Wote tunangojana, na maua ya Shangazi Fatme yanachacha uani.

Kosa ni langu peke yangu. Si nyaya, si unyevu, na programu ya mama haina kosa lolote. Ilikuwa inasema na mimi nilikuwa sisikilizi. Bai Delcho aliniambia zamani ilikuwa inaongea, nikamwona mzee wa manung'uniko.

Nimemkumbatia mama na upawa wake. Akauliza kama nimelewa. Halafu nikakaa, nikamsikiliza habari za paa, za mcheri na za posta mpaka mwisho. Supu ilikuwa imeshapoa, tukaila hivyohivyo.

30 Mei

Nimerekebisha. Sasa mzazi anasoma majibu huku mtoto akiendelea na kazi, hangoji mwisho. Malalamiko nimeyatoa kabisa mikononi mwa programu yangu, yanakwenda moja kwa moja kwenye skrini ukumbini, mbele ya matangi, asome anayehusika. Skrini hatukuwa nayo. Bai Delcho ameleta televisheni ya nyumbani kwake, akaigongomea ukutani palepale palipokuwa na ile ya zamani. Mkewe alikuwa anafuatilia tamthilia, kwa hiyo leo Bai Delcho kala mkate mtupu.

Naomba mvua. Sikuwahi kudhani nitaandika maneno haya.

31 Mei

Jua. Ovyo.

1 Juni

Mvua! Nzito, ya kupiga mabati. Maua yamekuja yakitiririka maji. Tukajaza matangi yote, nikaamsha, nikasimama chini ya ile televisheni nimeshika shanga za shingoni kama bibi kanisani.

Skrini ikaandika: "Maua yamelowa."

Kisha: "Bado yamelowa. Nani kayapokea hivi?"

Kisha: "Naongeza muda. Msiniharakishe."

Ukumbi mzima ukasimama kusoma. Ni maneno ya mama, wakati huo mwanamke wa umri wangu wa leo, aliyeyaandika akijua kwamba siku moja mvua itanyesha na yeye hatakuwepo. Matangi yakaendelea. Malalamiko yakapanda skrini mstari juu ya mstari na hakuna kilichokwama. Halafu joto likashuka kidogo upande wa mlango, na skrini ikasema:

"Delcho, funga mlango."

Bai Delcho aliruka kama kaitwa na mwalimu, akaufunga. Ndipo akasimama kwenye kona, mgongo kwetu, akijifuta uso kwa kofia. Shangazi Fatme alinipiga bega.

"Hiyo ndiyo programu, mwanangu. Inafoka kama mtu."

Nimemsimulia mama. Akasema Delcho alikuwa hafungi mlango tangu siku ya kwanza, na kwamba kuna wanaume huwezi kuwafundisha ila kwa mashine.

2 Juni

Mvua. Hakuna lililokwama.

3 Juni

Mvua. Hakuna lililokwama. Maji yamefika kwenye ngazi za kanisa. Sisi tunakeneka.

4 Juni

Nilimtumia bwana Ognyan habari kwamba kosa lilikuwa langu, nimelirekebisha, na mvua ya siku tatu imepita bila matangi kusimama. Amejibu neno moja: "Nimeona."

6 Juni

Sherehe ya mawaridi mjini Kazanlak, na bwana Ognyan kaleta wageni wa kununua mafuta, wamevaa mataji ya maua vichwani, wanapiga picha. Akaanza kuwaeleza kwamba kila kitu hapa kinaendeshwa kisasa. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili yao. Televisheni ikaandika: "Delcho, funga mlango." Mkalimani akatafsiri. Wageni wakacheka sana, wakaomba kupigwa picha na Delcho. Bai Delcho akasokota masharubu yake, akakubali.

Bwana Ognyan aliwasindikiza kwenye gari, akarudi amebadilika rangi.

"Ondoa hiyo televisheni."

"Siiondoi."

"Dada Zornitsa, hiyo ni aibu ya kampuni."

"Aibu ni kumwaga maua ya watu barabarani. Tulipoiondoa skrini tuliyamwaga. Tulipoirudisha hatujamwaga hata gunia. Siiondoi."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana naongea polepole."

Hilo la mwisho lilinitoka. Akasema basi, Jumanne anazima, msimu umeisha au haujaisha. Nikamwambia tuna mizigo mikubwa mpaka katikati ya wiki, ahadi yetu ilikuwa msimu mzima. Akasema ahadi ilivunjwa matangi yaliposimama. Hapo alikuwa na haki nusu, na nusu hiyo ndiyo inayonikera.

7 Juni

Nimemwambia mama kwamba wanazima Jumanne. Hakusema itupe. Aliuliza kama maua ya Fatme yameisha. Nikasema bado, ana shamba la juu, ndilo la mwisho kufunguka. Akaenda kutafuta viatu vyake vya kutokea.

8 Juni

Mawingu. Kimya.

9 Juni

Jumanne. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Mvua ilianza wavunaji wakiwa bado mashambani. Tulijaza matangi yote manne, nikaamsha programu ya mama mara nne, watoto wanne kazini. Katikati ya kazi kompyuta yangu ikaonyesha programu yangu imeuawa. Bwana Ognyan hata kunijulisha hakunijulisha, amefanya kama alivyosema. Kisha simu.

"Nimezima. Mfumo mpya unaanza sasa."

"Kuna maua ndani ya matangi, bwana Ognyan."

"Hayo yameshapotea. Andika hasara."

Nikaangalia ukumbini. Mvuke ulikuwa unapanda vilevile. Televisheni ikaandika, taratibu kabisa: "Bado yamelowa. Naongeza muda."

Alikuwa amemuua mzazi! Huko Sofia yeye anaijua programu yangu tu, hiyo ndiyo anayoiona, hiyo ndiyo aliyoizima. Watoto hawajui Sofia ni nini. Na kwa kuwa malalamiko yao hayapiti tena kwangu, kufa kwangu hakukuwakata maneno. Ingekuwa kabla ya ile supu ya maharage, wangelalamika kwenye bomba lisilo na msomaji, likavunjika mikononi mwao na wao wakafa; siku ile ya kahawa mtoto alipona kwa kuwa hapakuwa na mvua wala la kulalamikia. Sasa kila mmoja alikuwa yatima anayejua kazi yake.

Mfumo mpya nao ukajaribu kushika matangi, ukakuta koki zimeshikwa, ukaandika kwamba hauwezi kuanza mpaka matangi yawe tupu na baridi. Bwana Ognyan akapiga tena, sauti imepanda.

"Nani anashika koki?"

"Mama yangu," nikasema, nikakata simu. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kazini.

Matangi yakamaliza moja baada ya jingine, mafuta yakatoka safi. Lakini uani yalikuwa yamefika magunia ya shamba la juu la Shangazi Fatme na wenzake, na programu yangu imefungiwa, siwezi kuiwasha, amebadilisha neno la siri. Nikasimama na mikono kichwani. Mlango ukafunguka. Mama aliingia na viatu vya kutokea, mwavuli unadondosha maji. Hakuwa amekanyaga ukumbi huu tangu walipomwonyesha mlango.

Bai Delcho akavua kofia. "Rayna."

"Delcho. Umenenepa." Akanigeukia mimi. "Umekwama wapi?"

"Hakuna mzazi wa kuwaamsha."

"Kwani mimi nilikuwa na mzazi wakati ule? Sogea."

Akakaa, akaandika kwa vidole viwili jina la programu yake, tangi, maua, maji. Bila kitu chochote juu yake. Ikaamka. Akaiamsha ya pili, akaninyooshea kidole: "Ya tatu yako. Usiiamshe uondoke, ujue." Tulikaa hivyo mimi na yeye, bega kwa bega, tukiamsha kwa mkono, tukiisikiliza mpaka inamaliza, tukiamsha tena. Bai Delcho na wengine wakipakia na kupakua, matangi yasipate kupoa na mfumo mpya ukibaki unangoja. Hakuna gunia la Fatme lililopata joto.

Bwana Ognyan alifika jioni jua likiwa limetoka kidogo, amesafiri njia nzima na hasira. Viatu vyake sasa vilikuwa vya rangi ya udongo wetu. Tulikuwa kwenye tangi la mwisho.

"Nani kawaruhusu?"

Tukaendelea na kazi.

"Zimeni. Kitufe kiko wapi?"

"Haina kitufe," mama akasema bila kugeuka. "Ikimaliza inaacha yenyewe. Ngoja kama watu wengine."

Akanigeukia, akaanza kusema mimi sina kazi tena. Shangazi Fatme aliingia katikati yetu, mikono yake imejaa mikwaruzo, na nyuma yake wenye mashamba wote waliokuwa wanangoja uani.

"Mwanangu, kabla hujamfukuza, sikia. Wewe ulisema maua yetu yameshapotea. Huyu hakusema. Mwakani tangi likiendeshwa kutoka Sofia, mawaridi yangu yanavuka barabara, yanakwenda kiwanda cha jirani."

"Na yangu," akasema mmoja.

"Na yangu."

Waliendelea kusema mmoja mmoja mpaka nyuma kabisa. Bwana Ognyan akawatazama, akatazama mafuta ya siku nzima ambayo kwa hesabu zake yalikuwa hasara. Akatoka nje na simu, akauacha mlango wazi. Tulimsikia uani akiongea na wakubwa wake.

"Hapana, hawaleti... Wote, nimesema wote... Hapana, hayakuharibika. Sijui vipi. Basi iliyopo ibaki... Ndiyo, na huyo binti."

Mama alikuwa bado anaangalia tangi lake kana kwamba hakusikia, ila mkono wake ulikuwa umenishika mkono wangu chini ya meza, umeubana. Mvuke ulianza kuyumba kwa upepo uliokuwa unaingia. Televisheni ikaandika.

"Delcho, funga mlango."

Bai Delcho akaenda, akamtazama bwana Ognyan aliyesimama kwenye tope, akaufunga.